Saa ya mfukoni ya Kiingereza: uchukue ya Liverpool, ya Coventry au ya Prescot?

Ziweke saa tatu mezani. Zote za mfukoni, zote za fedha, uso mweupe wa enameli, tarakimu za Kirumi, na kijiduara cha sekunde pale chini penye VI. Kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Ukisogea unaona majina: moja ina jina la duka la Norwich, ya pili la duka la Truro, ya tatu la duka la Sheffield. Hapo muuzaji anaanza kukusimulia habari za fundi mashuhuri wa Norwich aliyeiunda kwa mikono yake mwenyewe, usiku, kwa mwanga wa mshumaa. Msikilize kwa adabu, kisha mwombe aifungue saa, kwa sababu yule bwana wa Norwich huenda hakukata hata jino moja la gurudumu.

Nimenunua za namna zote tatu, ya Liverpool, ya Coventry na ya Prescot, na mbili kati yake nilizinunua vibaya. Jibu langu basi nalitoa mapema kwa asiye na subira. Ya kutembea nayo mfukoni, chukua ya Coventry. Ya kuweka kabatini na kuwatolea wageni wanaojua kutazama, chukua ya Liverpool. Ya Prescot, nayo namaanisha zile za kiwandani za mwisho wa karne ya 19, ichukue kama bei ni ndogo na una fundi mvumilivu. Anayetaka kujua kwa nini, twende pamoja.

Jina la usoni ni la mwenye duka

Saa ya Kiingereza ya miaka ya 1800 ilipitia mikono mingi kabla ya kufika dirishani. Mara nyingi ilianzia Prescot, mji mdogo mashariki ya Liverpool, ambako familia nzima nzima zilikaa kwenye karakana za nyuma ya nyumba zikitengeneza kipande kimoja kimoja: nyumba hii magurudumu, nyumba ile vijino, nyingine tupa na koleo za mafundi saa. John Wyke, aliyetokea huko karne ya 18, alijulikana kwa vifaa vya kazi hiyo kuliko kwa saa zenyewe. Mashine ghafi ilitoka Prescot ikiwa haijang'arishwa, ikapelekwa London, Coventry au Liverpool kumaliziwa. Kasha lilitengenezwa na mtu mwingine, uso na mwingine tena.

Na mnyororo wa ndani, ule mwembamba kama uzi unaozungushwa kwenye kipande chenye umbo la pia, mara nyingi ulitoka Christchurch, mji wa pwani ya kusini. Huko Robert Harvey Cox alianza kuitengeneza mwaka 1790, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake na watoto, baadhi yao wasichana kutoka nyumba ya maskini ya mji. Waliunga pingili moja baada ya nyingine, ndogo kuliko punje ya mtama, na macho yalilipa. Kila ninapofungua saa yenye mnyororo huo nawakumbuka hao kabla ya kumkumbuka bwana yeyote aliyechora jina lake kwenye bamba.

Ni kama kanzu. Mmoja kakata, mwingine kashona, wa tatu katarizi shingo, kisha jina linalosifiwa mtaani ni la duka.

Lakini tusimdhulumu mwenye duka. Yeye ndiye aliyeirekebisha saa hadi ikashika wakati, aliyeisafisha, aliyeidhamini, na aliyesimama na mteja uso kwa uso iliposimama. Katika saa za zamani zenye makasha mawili, moja ndani ya jingine, utakuta mara nyingine karatasi ndogo ya duara imewekwa katikati: ni tangazo la fundi wa mji fulani, limepigwa chapa vizuri, na nyuma yake ameandika kwa wino tarehe ya kuisafisha. Ukikuta karatasi hizo ziwe mbili au tatu, usizitupe. Kwangu ni bora kuliko jina la usoni, maana zinakuonyesha saa imeishi wapi.

Fundi wa mkoani ndiye pia aliyekuwa mlinzi wa wakati wa mji wake. Kabla ya reli kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama kumi. Reli ya Great Western ilianza kutumia wakati wa London mwaka 1840, makampuni mengine ya reli yakafuata, lakini sheria ya kuulazimisha nchi nzima ilikuja mwaka 1880. Saa ya jengo la Exchange pale Bristol bado ina akrabu mbili za dakika, moja ya Bristol na moja ya London. Waingereza husimulia jambo hili kama kioja. Sisi tunaosema saa moja asubuhi huku akrabu inaonyesha saba hatuna la kushangaa.

Na yule anayekuambia kwamba cha mkoani ni cha pili kwa cha London, mtajie orodha hii. Thomas Tompion alizaliwa Bedfordshire, mtoto wa mhunzi. George Graham alitoka Cumberland. Thomas Mudge, aliyebuni mfumo wa wenzo, yaani kimkono kinacholiachia gurudumu jino moja moja, ambao saa nyingi za mitambo zinautumia mpaka leo, alizaliwa Exeter. John Arnold alitoka Bodmin, Cornwall; Thomas Earnshaw alitoka Ashton-under-Lyne; John Harrison, aliyetatua tatizo la mabaharia kujua wako wapi mashariki au magharibi, alikuwa seremala kutoka Yorkshire. London iliwapa wateja. Vipaji walikuja navyo kutoka makwao.

Liverpool: saa ya kuonyesha

Mji wa bandari, pesa nyingi, mabaharia wengi, na wateja wa ng'ambo ya Atlantiki wanaotaka saa nzito yenye heshima. Mwaka 1791 Peter Litherland alipata hataza ya wenzo wenye meno, unaozungusha gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kugawa wakati, kama meno ya gurudumu moja la mashine yanavyozungusha jingine. Si mfumo sahihi kabisa, kwa sababu mizani haipati kuachwa huru hata mara moja. Daima inaburuta kitu. Ila ulikuwa imara kuliko ule wa kale wa gurudumu la taji, na Liverpool ikaujaza sokoni. Jina utakalolikuta sana ni Robert Roskell. Baadaye Edward Massey, mzaliwa wa Staffordshire aliyehamahama kati ya miji ya saa, akapata hataza mwaka 1812 ya wenzo unaoiachia mizani izunguke huru, na hapo saa za Liverpool zikaanza kushika wakati sawasawa.

Ukiweza kupata ya wenzo wa Massey, usiwaze mara mbili. Ile ya Litherland ni ya kabatini tu.

Uzuri wake uko ndani, na hapa wengi hukosea kuifungua. Saa hizi hazionyeshi mashine kwa nyuma. Unafungua kioo cha mbele, unabonyeza kikomeo kidogo chini ya VI kwa ukucha, na mashine nzima pamoja na uso wake inainuka kwa bawaba iliyoko upande wa XII. Muuzaji mmoja alitaka kuingiza kisu nyuma mbele ya macho yangu, nilimshika mkono. Ikishainuka utaona bamba moja zima la shaba iliyopakwa dhahabu, daraja lililonakshiwa majani na maua juu ya mizani, na vito vikubwa vya rangi hafifu vinavyopitisha mwanga. Wapenzi wa saa huviita madirisha ya Liverpool. Kazi ile ya vito vikubwa haikuwa na faida kubwa ya kiufundi. Ilikuwa ni fahari, na fahari yenyewe imetulia vizuri.

Hasara zake ni tatu. Kwanza ni nene. Kwenye mfuko wa kizibao cha leo inatuna kama yai. Pili, ina ule mnyororo na kile kipande chenye umbo la pia. Kazi ya kipande hicho ni kusawazisha nguvu ya kamani, yaani springi inayoiendesha saa, ili saa isikimbie asubuhi ikiwa imetiwa ufunguo na kuchechemea jioni. Ikifanya kazi ni maajabu, na mnyororo ukikatika nguvu yote ya kamani inaachiwa kwa kishindo ndani ya kasha na kuvunja cha kuvunja. Tatu, jina la Liverpool lilikuwa na soko kiasi kwamba waigaji wa Uswisi walilichukua. Jina la Tobias wa Liverpool, aliyeuza sana Marekani, utalikuta kwenye saa nyingi zisizowahi kuiona Uingereza. Namna ya kujua ni rahisi: zile za kuiga nyuma zina vidaraja vingi vyembamba vilivyotengana badala ya bamba zima, na chapa za fedha kwenye kasha si za Kiingereza.

Coventry: saa ya mfukoni kweli

Coventry haikuwa na bandari wala madaha hayo. Ilikuwa na mitaa ya mafundi, Spon Street, Chapelfields, Earlsdon, nyumba za matofali zenye madirisha mapana upande wa karakana ili mwanga uingie. Mji uliishi kwa kazi mbili, utepe wa hariri na saa. Mwaka 1860 Uingereza ilifanya mkataba wa biashara na Ufaransa, ushuru wa hariri ya Kifaransa ukaondolewa, na kazi ya utepe ikaanguka vibaya. Saa zilibaki, ingawa za Uswisi na Marekani zilizidi kuingia kwa bei ambayo mafundi wa Coventry hawakuiweza.

Kilichofuata kinanivutia kuliko saa zenyewe. Mikono iliyozoea kukata vyuma vidogo kwa usahihi haikukaa bure. Ilihamia kwenye cherehani, kutoka cherehani ikaingia kwenye baiskeli, na mwaka 1885 John Kemp Starley akatoa pale Coventry ile Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa nyuma, ambayo ndiyo baba wa baiskeli unayoiona imebeba kreti za soda leo Tabora au Kisumu. Kisha yakaja magari. Ukiishika saa ya Coventry umeshika chanzo cha vyote hivyo.

Tuirudie saa. Kampuni ya Rotherham ya Spon Street ndiyo kubwa na ndiyo ningemwambia mgeni aanze nayo. Miaka ya 1880 walileta mashine za Kimarekani za kukata vipande, kwa hiyo saa zao za mwisho wa karne zina usawa ambao kazi ya mkono haikuwa nao. Tafuta yenye mpangilio ambao mizani imezamishwa pembeni ya bamba badala ya kupanda juu yake, kwa kuwa hiyo huwa nyembamba. Tafuta pia isiyohitaji ufunguo, yenye kichwa cha kuzungushia pale juu. Kwa nini? Kwa sababu ufunguo hupotea. Ufunguo wa saa una namba yake ya ukubwa, na ukilazimisha usio wake unalainisha pembe za mhimili mpaka hakuna ufunguo unaoshika tena. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlio wake nao ni sifa. Saa ya wenzo ya Kiingereza hupiga mara 14,400 kwa saa, yaani mara nne kwa sekunde, wakati za Uswisi zilizokuja kutawala hupiga 18,000. Tofauti unaisikia usiku. Ya Kiingereza inatembea kama mtu asiye na haraka.

Ukiwa na pesa za kuchezea, kuna karuseli. Bahne Bonniksen, Mdenishi aliyehamia Coventry, alipata hataza mwaka 1892 ya mashine ambayo mizani yake yote pamoja na wenzo hukaa kwenye jukwaa linalozunguka taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 52 na nusu, ili kosa la saa kusimama wima mfukoni lijifute lenyewe. Saa hizi zilipata alama za juu sana kwenye majaribio ya Kew, ambako saa ilipimwa kwa siku nyingi katika mikao tofauti na joto tofauti. Bei yake leo inaumiza. Naitaja kwa sababu wauzaji hupenda kuita kila saa ya Coventry karuseli. Usikubali mpaka uone jukwaa likizunguka.

Kasoro ya Coventry ni kwamba ya kawaida haina mvuto wa haraka. Uifungue mbele ya mgeni asiyejua, ataitikia kwa kichwa tu. Na ushuhuda mwingi wa mitaa yenyewe uliondoka usiku wa 14 Novemba 1940, ndege za Ujerumani zilipoupiga mji.

Prescot: kiwanda kilichochelewa

Mwaka 1889 watu wa Prescot walichoka kuwatengenezea wengine mashine ghafi. Wakaanzisha Lancashire Watch Company, kiwanda kikubwa cha mashine za mvuke, ili saa nzima itoke chini ya paa moja kama Wamarekani walivyokuwa wakifanya. Wazo lilikuwa sahihi. Ila lilikuwa sahihi miaka thelathini nyuma. Kufikia 1911 kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Kwa mnunuzi wa leo hadithi hii ina faida na hasara. Faida: hapa ndipo saa ambayo kweli karibu vipande vyake vyote vimetoka mahali pamoja, na mahali penyewe ni kitovu cha kazi hii tangu karne ya 18. Kwa historia hakuna inayoizidi kwa bei hiyo. Hasara: ubora wake unayumba. Nimeona moja inayoshika wakati kama treni, na nyingine ambayo fundi aliniuliza kwa upole kama ninaipenda sana. Vipande vilipaswa kuingiliana kati ya saa na saa. Fundi wangu anasema vinaingiliana ukiwa na tupa mkononi.

Kwa hiyo nikizilinganisha ana kwa ana, Liverpool na Coventry hazishindani, kwa sababu kati yake kuna miaka hamsini na kazi tofauti: moja ni ya zama za mkono, nyingine ya zama za mashine. Mashindano ya kweli ni Coventry na Prescot, zilizouzwa miaka ileile kwa watu walewale, na hapo Coventry inashinda kwa uhakika wa utengenezaji. Prescot inarudisha goli moja kwa bei.

Na ile yenye jina la duka la Sheffield?

Hii inastahili maneno yake, kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwa wingi kuliko zote. J. G. Graves wa Sheffield aliuza saa kwa posta, kwa malipo ya awamu, nchi nzima. Saa yake iliyotangazwa kila mahali iliitwa Express English Lever. Nyingine kati ya hizo mashine yake ilitoka Prescot, zikavaa jina la Graves. Fungua, tazama, huenda unauziwa Prescot kwa bei ya Graves, na kwa kawaida hiyo ni bei nzuri. Graves mwenyewe utajiri aliuacha mjini: jumba la sanaa la Sheffield lililofunguliwa 1934 lina jina lake.

Ya H. Samuel iko kundi hilohilo. Watu hudhani H ni ya bwana. Ni Harriet, mwanamke aliyeichukua biashara ya familia ya mumewe, akaihamishia Manchester miaka ya 1860 na kuikuza kwa kuuza kwa posta. Saa zao ni za watu wa kazi: wachimba makaa, makarani, wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Zimechakaa kwa kutumika. Mimi hiyo naihesabu kuwa sifa.

Na ukikuta jina la Fattorini wa Bradford, simama kidogo. Familia ya asili ya Italia, iliyofanya biashara ya saa na vito Yorkshire. Huko kulikuwa na vilabu vya saa ambavyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezewa: wanachama wanachanga kila wiki, kila zamu mmoja anaondoka na saa. Upatu, basi. Fattorini walistawi kwa vilabu hivyo hadi vikazaa maduka ya katalogi. Na ni Fattorini & Sons waliotengeneza Kombe la FA la mwaka 1911, lenye umbo linalonyanyuliwa hadi leo, na timu ya kwanza kulinyanyua ikawa Bradford City, ya mji uleule wa sonara. Kombe la kwanza liliibiwa mwaka 1895 likiwa dirishani kwa duka moja la Birmingham, Aston Villa wakiwa mabingwa. Halikurudi.

Chapa: zisome kabla ya jina

Ndani ya kasha la fedha kuna safu ya chapa ndogo. Simba anayetembea maana yake fedha ni 925 kwa elfu. Alama ya mji inakuambia wapi madini yalipimwa: nanga ni Birmingham, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, kichwa cha chui ni London. Herufi ni mwaka. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa herufi, kwa hiyo herufi bila alama ya mji haikuambii kitu. Herufi mbili au tatu za mwanzo wa jina ni za mtengenezaji wa kasha. Si za fundi saa. Kosa hili nimeliona hata kwenye minada.

Angalizo kubwa: alama ya mji ni ya kasha. Saa ya Liverpool au Prescot kwa kawaida kasha lake lina miganda ya Chester, ya Coventry mara nyingi lina nanga ya Birmingham au miganda ya Chester. Ofisi ya Birmingham, pamoja na ya Sheffield, ilianza 1773 baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, kuchoka kupeleka vyombo vyake vya fedha Chester, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa gari la farasi, virudi vimebonyea. Ofisi ya Chester ilifungwa 1962, na kufungwa huko kumewafanya wakusanyaji waipende miganda kuliko nanga. Fedha ni ileile.

Jambo la mwisho la chapa: kati ya 1784 na 1890 fedha ya Kiingereza ilipigwa kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha kodi imelipwa, lakini makasha ya saa yalisamehewa kuanzia 1798. Kwa hiyo kasha la 1850 lisilo na kichwa halina kasoro. Mwaka mmoja kabla, 1797, waziri mkuu William Pitt alikuwa ameweka kodi kwa yeyote mwenye saa, shilingi mbili na nusu kwa mwaka kwa ya fedha, kumi kwa ya dhahabu. Watu wakaacha kununua, mafundi wa Liverpool, Coventry na Prescot wakawa miongoni mwa waliolalamika bungeni, na ndani ya mwaka kodi ikafutwa.

Tangu 1907 makasha ya kigeni yanayoingia Uingereza yalipigwa alama tofauti: Birmingham pembetatu, Chester tunda la mwaloni lenye majani mawili. Ukiona hizo, kasha halikutengenezwa Uingereza, na kwa kawaida mashine nayo ni ya Uswisi, hata kama usoni pameandikwa duka la Leeds.

Kama unatafuta kipambo, si saa

Hapa chaguo ni Birmingham, Halifax au Whitby, na nitapita haraka kwa la kwanza. Birmingham ina mtaa mzima wa masonara na ilitoa vya kila bei. Pete ya karati 9, kiwango kilichoruhusiwa 1854, kwa uwezekano mkubwa imetoka huko. Ni nzuri na ziko tele. Huna haja ya ushauri wangu.

Whitby ni mji wa wavuvi Yorkshire wenye jiwe jeusi linaloitwa jeti, ambalo kwa kweli ni mti uliooza na kugandamana chini ya bahari mamilioni ya miaka. Alipofariki mume wa Malkia Victoria mwaka 1861, Uingereza nzima ikavaa eda, na karakana za Whitby zikaajiri watu zaidi ya elfu. Jeti halisi ni nyepesi na haina baridi mkononi. Kioo cheusi cha kuigia ni kizito na cha baridi. Isugue kwenye sehemu ya chini ya kikombe isiyong'arishwa, itaacha mstari wa kahawia. Ni nzuri sana, ila ni vazi la msiba, na mimi sikumpelekea mtu.

Charles Horner wa Halifax ndiye chaguo langu. Alianza kujulikana kwa subana, zile kofia za kidole za kushonea, alizozipatia hataza 1884, chuma katikati ya tabaka mbili za fedha ili sindano isitoboe, kisha karakana yake ikamwaga sokoni pini za kofia na brochi ndogo za fedha na enameli ya kijani na buluu, nyingi zikiwa na miganda ya Chester na herufi C.H. Pini za kofia ni ndefu mno kwa matumizi yetu. Brochi ndiyo ya kutafuta: nilimletea mama moja, kama kipepeo, na tangu hapo anabania ushungi kwa hiyo siku za harusi.